Mteja kapakia mwenyewe, mzigo umedondoka: nani analipa?

Swali la msomaji: "Nina semi tisa zinazotoka Dar es Salaam kwenda Lubumbashi kupitia Tunduma, Nakonde na Kasumbalesa. Wateja wangu wengi wanapakia kwa watu wao na foklifti zao. Dereva anasubiri pembeni, kazi ikiisha anapewa karatasi, anasaini, anaondoka. Mwezi uliopita kreti nne za mashine, jumla tani 12, ziliteleza kwenye mteremko tukiwa bado Tanzania. Moja ilidondoka ikabomoa kibanda cha mtu kando ya barabara, nyingine imeharibika. Ni tela bapa la sakafu ya chuma, mzigo ulifungwa mikanda mitano na kamba. Mteja anadai, mwenye kibanda anadai, na bima wanasema upakiaji ulikuwa mbovu. Sisi mzigo hatukuugusa. Kwa nini deni liwe letu, na nifanyeje lisijirudie?"

Ndugu msomaji, hapo una madai mawili yasiyofanana. La mwenye kibanda ni lenu. Yeye hana mkataba na mteja wako, hajui nani alipakia na halazimiki kujua. Gari lilikuwa lako, dereva ni mwajiriwa wako aliyekuwa kazini, na kilichomdhuru kilitoka juu ya tela lako. Mnaweza baadaye kumfuata mteja achangie, lakini mwenye kibanda atalipwa na ninyi au na bima yenu ya mtu wa tatu. Dai la mteja ndilo lenye mjadala, na mjadala wenyewe hauishii kwenye nani aliendesha foklifti. Unakwenda kwenye swali moja: kasoro ya upakiaji ilikuwa ya kuonekana kwa macho pale dereva alipokabidhiwa, au ilijificha?

Kwa Tanzania, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamhesabu anayepokea mali ya mwenzake ili aibebe kuwa amewekewa amana. Anatakiwa aitunze kama mtu wa busara ya kawaida angetunza mali yake mwenyewe ya aina hiyo. Kenya wanafuata misingi ya sheria ya Kiingereza, ila ukifika mwisho wa hoja unajikuta karibu mahali pale pale. Mzigo ukipokelewa mzima na kufika umevunjika, aliyewekewa amana ndiye wa kueleza kilichotokea na uangalifu alioufanya. Mteja anaweka mezani hati aliyosaini dereva wako, anaweka picha za kreti iliyovunjika, kisha anakaa kimya akusikilize wewe.

Suala hili limechambuliwa vizuri sana Marekani, katika kesi ya mwaka 1953 ya kampuni ya Savage Truck Line, iliyokuwa imebeba injini za ndege za serikali. Mahakama ilisema wajibu wa msingi wa kupakia salama ni wa msafirishaji. Mwenye mzigo akijitwalia kazi ya kupakia, anabeba dhima ya kasoro zilizojificha, zile ambazo dereva asingeweza kuziona kwa ukaguzi wa kawaida. Kasoro ikiwa wazi, msafirishaji anabaki na dhima hata kama aliyepakia alizembea. Hukumu hiyo haimfungi jaji wa Dar es Salaam, lakini swali ambalo wakili wa mteja atamuuliza dereva wako ni lile lile: "Uliona mikanda mingapi? Ukaona inatosha?"

Mikanda mitano kwa tani 12

Tufanye hesabu yenyewe, kwa sababu ndiyo atakayoifanya mkaguzi wa bima. Kanuni za kufunga mzigo zinazotumiwa Ulaya, EN 12195-1, na mwongozo wa kimataifa wa kupakia makontena na malori uliotolewa na vyombo vya Umoja wa Mataifa vya IMO, ILO na UNECE mwaka 2014, zinataka mzigo uhimili nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake kwenda mbele, na asilimia 50 kwenda pembeni na nyuma. Mbele ni kubwa kuliko kote kwa sababu ya breki.

Kreti ya mbao juu ya sakafu ya chuma laini ina msuguano wa takriban 0.3. Mkanda wa kawaida wa milimita 50 unaopita juu ya mzigo, ukikazwa sawasawa na kikazio cha mpini mrefu, unatoa mkazo wa hadi daN 500, yaani karibu kilo 500. Mkanda huo haushiki mzigo moja kwa moja. Unaugandamiza chini tu ili msuguano ufanye kazi, na msuguano ukiwa mdogo unakuwa umegandamiza bure. Kwa tani 12, bila kitu chochote kilichozuia mbele, jibu la hesabu ni mikanda 25. Ninyi mlikuwa na mitano.

Kreti zikisukumwa hadi zikagusa ukuta wa mbele wa tela, na ukuta huo ukawa na nguvu ya kweli, inabaki kazi ya pembeni na nyuma, nayo inahitaji mikanda 9. Tahadhari na ukuta huo lakini. Hata ukuta wa kiwango cha kawaida cha Ulaya unapimwa kwa asilimia 40 ya mzigo wa tela, na hauvuki tani 5. Kwa kreti zenu, baada ya kutoa msuguano, zingebaki karibu tani 6 zikisukuma mbele. Ukuta uliochomelewa mtaani bila kipimo chochote usiuhesabu kabisa.

Sasa weka mikeka ya mpira ya kuzuia kuteleza chini ya kreti, ile minene ya milimita 8 hivi, kila mguu wa kreti ukae juu ya mkeka bila kugusa chuma. Msuguano unapanda hadi 0.6. Kwenda mbele sasa inahitajika mikanda mitano, na pembeni msuguano wenyewe unatosha. Mikanda ile ile mitano mliyokuwa nayo! Kwa bei, mikeka ya tela zima ni kitu kidogo sana ukilinganisha na kreti moja ya mashine, na bado ni kifaa ambacho ukikitafuta kwenye malori ya njia hii unaweza kupita yadi nzima usikione.

Hesabu hii inadhani mikanda ni mizima na imekaa karibu wima. Mkanda ukilala kwa pembe ya nyuzi 30 na sakafu, nusu ya mgandamizo imepotea. Mkanda wa polyester una lebo ya bluu yenye namba mbili muhimu: LC, nguvu unayohimili, na STF, mkazo unaopata ukikaza kwa mkono. Kwa kufunga kwa kupitisha juu, namba ya kuangalia ni STF. Watu wengi wananunua kwa kuangalia LC ya kilo 2,500 wakidhani ndiyo inayoshika mzigo. Mkanda usio na lebo, uliokatika ukafungwa fundo, au uliochanika pembeni, hesabu sifuri, na mkaguzi atafanya hivyo hivyo. Kamba ya nailoni ni ya kushika turubai. Isiingie kwenye hesabu.

Baada ya kilomita 50 za kwanza mzigo umeshajipanga na mikanda imelegea. Dereva asimame, akaze, apige picha. Kutoka bandarini hilo linaangukia baada ya Kibaha. Akaze tena kabla ya mlima Kitonga, na popote palipo na mteremko mrefu mbele yake.

Mizani inapima zaidi ya uzito wa jumla

Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, inaruhusu ekseli ya usukani tani 8, ekseli mbili za kuvuta zenye matairi manne manne tani 18, na ekseli tatu za tela tani 24. Semi ya ekseli sita hapo ni tani 50. Upeo wa gari lolote ni tani 56. Wenye malori wengi wanaijua namba ya jumla, ila wanapakia kwa jicho.

Chukua kichwa cha tani 9 na tela la tani 8, umbali kutoka pini ya tela (inayoliunganisha na kichwa) hadi ekseli yake ya katikati mita 8. Pakia tani 28. Jumla ni 45, uko chini ya kiwango kwa tani tano nzima. Kitovu cha mzigo kikiwa mita 3.5 mbele ya ekseli ya katikati ya tela, ekseli za kuvuta zinabeba takriban tani 16 na za tela karibu 22. Safi. Sogeza mzigo ule ule mita moja mbele: tani 3.5 zinahama kutoka kwenye tela kwenda kwenye pini, na ekseli za kuvuta zinafika karibu tani 19. Kwenye mizani ya Vigwaza au Mikese unakamatwa, na hakuna kilo hata moja iliyoongezwa.

Hapa kuna mvutano ambao mwenye foklifti hawezi kukutatulia. Kwa usalama wa kuteleza unataka mzigo uguse ukuta wa mbele; kwa ajili ya ekseli unataka usogee nyuma. Njia ya kutoka ni kujenga kizuizi: magogo ya mbao ya inchi nne kwa nne yanayojaza nafasi kati ya ukuta na mzigo, yaliyofungwa yasiruke. Nafasi tupu haivumiliki. Kreti ikipata sentimita 30 za kukimbia kabla ya kugonga ukuta, inaufikia ikiwa na mwendo.

Kwa dhima, tiketi ya mizani ina kazi kubwa kuliko tozo yake. Uliyezidisha ekseli ukapata ajali siku hiyo hiyo umempa kila anayekudai karatasi ya serikali yenye tarehe, saa na namba ya gari. Bima nyingi pia zina kifungu kinachoondoa ulinzi pale gari lilipobeba zaidi ya uwezo wake. Tiketi safi nayo inakulinda, kwa hiyo zitunzwe pamoja na hati za safari, zisiishie kwenye dashibodi.

Kontena lenye lakiri

Hapa msimamo wako ni mzuri zaidi, mradi ukae ndani yake. Dereva hawezi kuona ndani, basi kasoro ya ndani ni ya aliyepakia. Lakini hati lazima iseme hivyo: "Kontena limepokelewa limefungwa. Limepakiwa na kuhesabiwa na mwenye mzigo. Yaliyomo hayakukaguliwa." Hati inayosema "imepokea katoni 1,240 katika hali nzuri" inamaanisha umekubali kuzihesabu.

Yanayoonekana kwa nje bado ni yako. Simama nyuma ya gari likiwa kwenye sakafu tambarare, uangalie kama kontena limelala upande mmoja na kama matairi ya upande huo yamebonyea. Linganisha uzito. Tangu tarehe 1 Julai 2016 kontena lililopakiwa halitakiwi kupandishwa melini bila uzito uliothibitishwa, unaojumlisha bidhaa, vizuizi vya ndani na kontena tupu, kwa hiyo mzigo ulioshuka bandarini una namba hiyo. Jumlisha na uzito wa kichwa na tela, kisha soma mizani. Ikitofautiana kwa tani mbili tatu, mteja aulizwe kwa maandishi kabla ya gari kutoka Pwani.

Namba ya lakiri ipigwe picha pamoja na bawaba za mlango, kwa sababu wezi wazoefu wanaacha lakiri nzima na kufungua bolti za bawaba. Polisi au forodha wakiikata njiani, dereva asiondoke bila maandishi yanayotaja lakiri ya zamani, mpya, mahali na saa. Kwa mzigo wa transiti hasara haiishii kwenye bei ya bidhaa. Bidhaa zikipotea kabla ya kuvuka mpaka, forodha inadai ushuru wake kana kwamba zimeuzwa hapa nchini, na dhamana iliyowekwa ndiyo inayoliwa.

Halafu loki nne za kontena. Kuna imani imeenea kwa baadhi ya madereva kwamba loki zikiachwa wazi, gari likiyumba kontena litadondoka peke yake na lori litapona. Toa amri ya maandishi dhidi ya tabia hiyo, isainiwe na kila dereva. Kontena la tani 25 likimwangukia mtu huku loki ziko wazi, hakuna utetezi uliobaki wa kuzungumza.

Mizigo yenye mambo yake

Unarudi na shaba kutoka Kongo, nadhani, kama wengi wa njia hiyo. Bunda la bamba za shaba lina upana na urefu wa karibu mita moja na uzito wa tani mbili hadi tatu, kwa hiyo mzigo kamili ni mabunda kama 12 tu, mafupi, yaliyosambaa juu ya tela refu. Anayetazama kwa mbali anadhani gari liko nusu tupu. Hatari mbili. Kwanza, yako chini mno kiasi kwamba mkanda unaopita juu unalala kwa pembe ndogo na kukosa mgandamizo, hivyo zuia kwa mbao mbele na pembeni, kisha funga. Pili, kingo za bamba zinakata. Mkanda uliokazwa juu ya kingo kali bila kona za kinga, ukisuguliwa kwa mtikisiko wa kilomita mia kadhaa, unachanika kutoka upande wa ndani, ule usiouona ukiwa umesimama chini. Kagua kwa kupitisha kidole, na injini izimwe kwanza.

Salfa inayopanda kwenda migodini ni kemikali, na usafirishaji wake unasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kibali kisipokuwemo garini, kosa linaanza kabla mfuko haujachanika. Vumbi lake linashika moto na likilowa linakula chuma. Na tela lililobeba salfa likipakia unga au mahindi bila kuoshwa, dai la uchafuzi ni la shehena nzima, siyo la mifuko michache ya chini. Andika tarehe ya kuosha kwenye daftari la tela.

Kuhusu mafuta nitasema moja tu. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, na Sachang'wan, Kenya, Januari 2009, watu zaidi ya 100 walikufa katika kila tukio baada ya kukusanyika kuchota mafuta ya gari lililopinduka. Kazi ya dereva na mzigo haiishi gari linapolala ubavu. Awe amefundishwa kuwaondoa watu, kuzuia moto na simu karibu na mafuta, na kupiga simu polisi na zimamoto kabla ya kumpigia bosi.

Kwenye yadi ya kupakilia

Ajali za kuli na utingo huwa zinasahaulika kwa sababu mzigo haujaharibika. Gari likisogea foklifti ikiwa inaingia, aliyeumia atauliza kwa nini dereva alikuwa na funguo. Weka kanuni: vigingi kwenye magurudumu, funguo kwa msimamizi wa upakiaji, dereva nje ya kibini. Tela lililotenganishwa na kichwa lisiingiwe na foklifti upande wa mbele bila nguzo ya kulishikilia. Uzito wa foklifti na paleti mbele ya miguu ya tela unatosha kulibinua. Utingo asipande juu ya mzigo kufunga turubai gari likiwa linatembea, hata ndani ya yadi. Huyo ni mwajiriwa wako, na michango ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi isipolipwa utajikuta na deni jingine.

Na dereva asisaidie kupakua. Najua ni ubinadamu, na mteja anafurahi, lakini dereva akishika foklifti ya mteja au akisukuma paleti, kazi ambayo mkataba uliiweka kwa mteja ameihamishia kwenu kwa mikono yake. Akidondosha, ni mwajiriwa wako aliyedondosha. Kama mnataka kutoa huduma hiyo, itozeni na muikatie bima.

Karatasi, na haki ya kukataa

Mkataba wako na mteja utaje kwa majina kazi tatu: nani anapakia, nani anafunga, nani anahesabu. Ushauri wangu ni umwachie mteja kupakia na kuhesabu, lakini kufunga kubaki kwenu, kwa vifaa vyenu. Kufunga ni kazi ya anayejua breki na njia. Ukimwachia mteja, atafunga kwa kilichopo.

Kisha kifungu kinachompa dereva haki ya kukataa kuondoka bila kampuni kutozwa faini ya kuchelewa, na malipo ya kusubiri baada ya saa kadhaa. Bila kifungu hiki ukaguzi wote nilioueleza ni maneno, maana dereva anayelipwa kwa safari hatabishana na msimamizi wa ghala saa tano usiku. Nawe ofisini, akikupigia kusema mzigo haujakaa vizuri, usimwambie "nenda nao polepole." Ujumbe huo wa WhatsApp utasomwa mahakamani.

Maneno ya kuandika kwenye hati yawe mafupi na ya kitu kinachoonekana. "Kreti namba 3, kona ya chini kushoto imepasuka." "Mifuko 6 ina unyevu, safu ya juu." "Mzigo umepakiwa na mwenye mali bila mikeka. Dereva ameomba, imekataliwa na msimamizi." Kuandika "hali si nzuri" hakusaidii. Kama kasoro inahatarisha watu barabarani, maandishi hayatoshi: yanakulinda dhidi ya mteja tu. Kwa mwenye kibanda yanathibitisha kwamba ulijua ukaondoka.

Ukomo wa fidia uandikwe pia, kwa kilo au kwa safari. Ulaya wanao mkataba wa CMR wa 1956, wa kusafirisha mizigo kwa barabara kati ya nchi, ambao kwa itifaki ya 1978 unaweka kikomo cha SDR 8.33 (SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF) kwa kila kilo iliyopotea. Tanzania na Kenya hazimo kwenye mkataba huo, kwa hiyo usipoandika kikomo chako, usitegemee kingine kitakachojitokeza. Na usinakili fomu ya CMR bila kusoma. Inampa msafirishaji wajibu wa kukagua idadi na hali ya nje ya vifurushi, na asipoandika pingamizi inachukuliwa vilikuwa sawa.

Bima iliyokataa, na dai lililoko mezani

Omba barua ya kukataa inayotaja kifungu, kwa kila bima peke yake. Bima ndogo, au sehemu ya mtu wa tatu ndani ya bima kubwa, ndiyo ya mwenye kibanda. Mzigo haumo ndani yake. Kadi ya njano ya COMESA nayo ni ya mtu wa tatu ukiwa nje ya nchi, mzigo haiuhusu. Mzigo unahitaji bima ya mizigo safarini au bima ya dhima ya msafirishaji, na hizo mbili si kitu kimoja: ya pili inalipa pale tu ambapo kisheria deni ni lako. Jambo la kushangaza ni kwamba "upakiaji mbovu" wa mteja, ukiwa umejificha, unaweza kuwa utetezi wako dhidi ya mteja wakati huo huo ukiwa sababu ya bima kukataa. Soma kama kifungu kinasema upakiaji mbovu wa yeyote, au wa mwenye bima na watu wake. Neno hilo moja linaweza kubeba dai zima. Angalia pia kama kupakia na kupakua vimo. Mara nyingi vinaongezwa kwa malipo ya ziada.

Usipumzike kwa sababu mteja ana bima yake ya shehena. Kampuni hiyo ikimlipa, inachukua nafasi yake na kukudai wewe, na inakuja na wakili aliyezoea.

Kwa sasa: usisaini barua yoyote ya kukiri, wala dereva asisaini, maana bima nyingi zinakataza kukiri bila idhini yao. Mikanda mitano na kamba vifungwe kwenye mfuko, visitumike tena hadi shauri liishe. Kreti iliyobomoka isitupwe. Mwite mkaguzi wa hasara aipime, na aangalie miguu ya kreti na jinsi mashine ilivyofungwa ndani. Kama mashine ilikuwa huru ndani ya kreti, hiyo ni kasoro ambayo dereva wako asingeweza kuiona, na hapo ndipo mna nafasi ya kupunguza dai la mteja. Kuhusu mwenye kibanda, iombeni bima idhini ya kumlipa mapema, kwa hati inayosema malipo hayo hayana kukiri kosa. Kibanda ni gharama ndogo, na kila wiki kinapokaa kimebomoka anaongeza dai la mapato aliyokosa.